Mgeni Aliyeacha Pilau ya Harusi

Mie shule nilisoma miaka miwili, basi. Uashi nilijifunza kwa kubeba zege, na nyumba yangu ya Temeke niliijenga kwa mikono yangu. Mwingereza alipoleta uchaguzi akasema mpiga kura awe na elimu au kipato, niliandikishwa kwa kipato. Sikuombewa na mtu.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa ajabu. Kila mtu achague watatu: Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Ukiruka mmoja, karatasi yote inaharibika. Chama chetu cha kudai uhuru kikatuletea Mhindi wa kumpa kura, wakili kijana, kikasema huyu mwenzetu. Mwenzetu tangu lini? Kiswahili chake kilikuwa kizuri kupita changu, na hicho ndicho kilichonitia shaka. Mtu hajifunzi kukubembeleza vizuri namna ile bila kuwa na lake.

Nikamwalika harusi ya binti yangu, nimpime. Jirani zangu wenye kura, wale tunaokaa pamoja barazani, walikuwa wananisikiliza mie.

Akaja. Shati jeusi, suruali nyeusi, harusini! Akavua viatu, akakaa jamvini na watu. Sinia la pilau likaja. Akanawa mikono, kisha akaiweka magotini. Hakuonja hata punje. Fundi cherehani, jirani yangu, akaninong'oneza:

"Kura yetu anaitaka, wali wetu anauonea kinyaa."

Wageni walipotawanyika nikatoa neno langu: huyu hapati kitu. Nafasi ya Mhindi tutaiacha wazi.

"Sasa Mwafrika wetu je?" akauliza fundi cherehani. "Si kura yake nayo itakufa?"

Nikasema kwanza nitamuuliza mwenyewe. Kesho yake nikamfuata wakili ofisini kwake mjini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sikufuata shikamoo. Umeniaibisha mbele ya wakwe zangu. Wali wetu unanuka?"

Akainamisha kichwa. "Mzee, zile zilikuwa siku zetu za kuomboleza, sisi Mashia. Kumi za mwanzo za Muharram. Hatuendi harusini wala hatuli karamu. Mama yangu hasemi nami kwa kuwa nilikuja kwako."

"Mbona hukusema?"

"Tayari mnaniita Mhindi. Niwaongezee na kwamba hata Uislamu wangu uko mbali na wenu?"

"Ungekataa mwaliko."

"Ungesema Mhindi anaringa."

Hapo alinipata. Ndivyo ningesema, na kwa sauti kubwa. Lakini wakili anakula kwa mdomo wake, sikumwamini. Nikapita dukani ninakonunua saruji. Mwenye duka Mhindi, Shia pia, mzee wa makamo yangu. Nikamuuliza kama wao hula harusini siku zile kumi.

"Hata chai hatunywi," akasema. "Kwani nani kala?"

"Hakula. Alikuja tu. Wakili wenu."

Akaacha kupima misumari. "Ah, yule. Huku kwetu wengine hawampi mkono. Wanasema kawa mtu wenu. Na nyie hamumtaki?"

Nikalipia saruji yangu nikaondoka.

Barazani walikuwa wananingoja. Mie si mtu wa kufuta neno langu. Hata mke wangu hajawahi kunisikia nikilifuta. Siku ile nililifuta. Nikawaambia harusi niliipanga vibaya mwenyewe, na yule mgeni aliacha msiba wao akaja kukaa kwenye jamvi langu.

Fundi cherehani akacheka. "Kwa hiyo sasa tunampenda?"

"Nani kasema kupenda? Tunampa kura. Akishaingia kule ndani na Wazungu wake, tutamkodolea macho."

Tukampa. Akaingia kwenye baraza la kutunga sheria, akakaa ukumbi mmoja na watu wa gavana. Nami kila alipokuja Temeke kuhutubia nilikaa mstari wa mbele kabisa, mikono nimeikunja, nikimsikiliza neno kwa neno.