Usiku Hamisi Alipopitilizwa hadi Posta

Wenzangu mliokulia Kariakoo enzi za basi refu la kumbakumba, hebu niambieni kama nilikuwa peke yangu: hivi nyinyi hamkuwahi kujiuliza basi linalala wapi? Mimi swali hilo lilinisumbua kuliko hesabu zote za darasa la tatu. Tulikuwa tunakaa Mtaa wa Mchikichi, nyumba ya ua mmoja na wapangaji wa kila kabila, na jioni tukicheza rede barabarani nilikuwa nayasikia mabasi yakinguruma kule Msimbazi. Yalipoacha kunguruma nilijua yamekwenda kulala. Lakini wapi? Nilimuuliza baba, akaniambia yanalala kwao. Nikamuuliza kwao ni wapi, akaniambia nikalete maji ya kunawa.

Watoto wa leo hawana shida hiyo. Anataka kwenda Buguruni, anafungua ramani kwenye simu, kamshale kanamwongoza hadi mlangoni, na akifika hajui alipita wapi. Sisi ramani yetu ilikuwa pua. Harufu ya samaki wa kukaanga ni Manzese, tope na majani mabichi ni Jangwani, na ukisikia viungo vya pilau vikikukwaruza koo ujue umeshafika nyumbani.

Kumbakumba lilikuwa kama mabasi mawili yaliyofungishwa ndoa. Katikati liliungwa kwa mpira wenye mikunjo kama kinanda cha kuvuta, na chini yake palikuwa na sahani kubwa ya chuma iliyozunguka taratibu kila basi lilipokata kona. Hapo ndipo nilipopenda kusimama. Mguu mmoja kwenye sahani, mwingine nje yake, unajikuta miguu inaachana na wewe hujafanya kitu. Vijana siku hizi wanalipa kiingilio kwenda kubembea. Sisi bembea yetu ilitupeleka hadi kwa bibi.

Bibi, mzaa mama, alikuwa anakaa Manzese. Alikuja mjini kutoka Newala akiwa mwari na mpaka anazeeka hakuwahi kuuamini mji huu. Kila Jumamosi tulikwenda kumwona, na kila Jumamosi alitufungia mihogo na korosho utadhani Kariakoo hakuna soko. Mama alikuwa anajitahidi tuondoke mapema, lakini bibi alikuwa na hadithi za kuagana, ndefu kuliko zile za kukaribishana, kwa hiyo siku zote tulirudi giza limeshaingia. Nami nilifurahi, maana mji wa usiku ulikuwa mji mwingine kabisa. Nilibandika pua kwenye kioo. Nyumba ambazo mchana zilikuwa ukuta tu, usiku zilifunguka, unaona mtu anakula, mtu anapiga pasi shati huku amelivaa nusu, mtoto analala mezani na kitabu. Nilitaka kuwajua wote. Mama aliniambia, "Mwajuma, macho yako yatakuja kubaki kwenye nyumba za watu."

Sasa kuna jambo ambalo lazima nilieleze vizuri kwa ajili ya wajukuu watakaosoma haya. Enzi zile, ukipanda basi na mtoto na viti vimejaa, ulikuwa hujakaa sawa unamsikia mtu aliyeketi, mikono ameshainyoosha: "Lete mtoto nimpakate." Hakuulizi jina lako, nawe humuulizi lake. Unampa. Unaendelea kusimama huko unakosukumwa, ukikaribia kushuka unamfuata mwanao. Mizigo vivyo hivyo. Kikapu chako kinakaa mapajani mwa mtu, kuku wako miguuni mwa mwingine. Mimi nimepakatwa na makuli wa bandarini wanaonuka grisi, nimepakatwa na masista, na mzee mmoja alinilaza kwenye kanzu yake nyeupe hadi nikaitia udenda. Alipoamka, maana naye alikuwa amesinzia, alicheka tu.

Jumamosi ninayoisema ilikuwa kipindi cha mvua. Tulikuwa wanne: mama, shangazi Zuhura mdogo wake baba, mimi, na mdogo wangu Hamisi aliyekuwa bado hajatambaa vizuri, mnene kweli kweli, shangazi alikuwa akisema kumbeba Hamisi ni sawa na kubeba mchele wa sikukuu. Pale Manzese watu walikuwa wengi. Mama akaingilia mlango wa mbele na Hamisi, mimi na shangazi tukaingilia wa nyuma na mihogo ya bibi. Kwa mbali nikamwona mama mmoja wa makamo, aliyejitanda kanga, akinyoosha mikono, na Hamisi akapita juu ya vichwa vya watu hadi mapajani kwake. Nikarudi kwenye sahani yangu.

Tulipofika Magomeni waliingia wengine, mama akasukumwa hadi katikati. Shangazi akapata upenyo akasogea mbele, na alipofika alipokaa Hamisi, mama akamwona anainama. Moyo wake ukatulia. Zuhura amemchukua mtoto, akajisemea. Kumbe shangazi aliinama kumvalisha kofia iliyokuwa imemdondoka, akamwacha pale pale, maana mtoto kalala na mwenye mtoto yupo.

Kituo chetu kilikuwa Fire. Umeme ulikuwa umekatika upande ule wote. Tulishuka kila mmoja kwa mlango wake, mimi nikiburuta mihogo, na basi likaondoka na taa zake. Tukakutana pembeni ya barabara.

"Zuhura, nipe mwanangu nimfunike, kuna baridi."

"Nikupe nini, wifi? Si unaye wewe?"

"Si nilikuona unamchukua kwa yule mama!"

"Mimi? Mimi nilimvalisha kofia tu."

Walitazamana. Sauti aliyoitoa mama sijapata kuisikia tena tangu siku ile, na siombi kuisikia. Akavua ndala akazishika mkononi, akaanza kukimbia katikati ya barabara kufuata basi ambalo hata taa zake za nyuma hazikuonekana tena. Shangazi akamfuata. Mimi nikamfuata shangazi, mihogo inadondoka mmoja mmoja nyuma yangu. Nilikuwa nalia, na akilini lile swali langu la siku zote lilikuwa limegeuka kuwa la kutisha. Basi linakwenda kulala na Hamisi yumo ndani.

Bahati yetu alitokea Mangi, Mchaga mwenye duka mtaani kwetu, anarudi na pikapu yake kutoka kuchukua sukari. Akatujua kwa taa za gari.

"Mama Mwaju! Unakimbia nini usiku huu?"

"Mwanangu kaenda na basi!"

Mangi hakuuliza mtoto anaendaje na basi peke yake. Alikuwa mpanda mabasi kama sisi kabla hajanunua ile pikapu, alielewa hapo hapo. "Pandeni," akasema, nasi tukapanda juu ya magunia. Pikapu ile mchana ilikuwa haipiti hata baiskeli. Usiku ule ilikwenda.

Na hapa niseme ukweli wa moyo wa mtoto. Nilikuwa nalia na nashangaa kwa pamoja. Sikuwahi kuiona Posta usiku. Maghorofa yenye taa juu na giza chini, barabara pana haina mtu, mlinzi kakaa kwenye boksi mbele ya duka la saa na zote zinasema tofauti. Nilikuwa nafuta machozi ili nione vizuri. Mama alikuwa amejishika kifuani pale ambapo Hamisi alikuwa anakaa siku zote, na mwisho niliacha kutazama mji nikamtazama yeye.

Basi lilikuwepo. Limesimama pale mwisho wa safari, ndani taa zinawaka, dereva na kondakta wako nje na magwanda yao ya kaki.

"Ndio nyinyi wenye mtoto?" kondakta akauliza kabla pikapu haijasimama. "Gari linatakiwa kulala, huyu mama kagoma kushuka! Namwambia tumpeleke mtoto polisi, hataki."

Mama alishampita. Ndani, kwenye kile kile kiti, alikuwa amekaa yule mama wa kanga. Hamisi amelala, mdomo wazi, kofia kavaa.

"Polisi afuate nini?" yule mama akasema, taratibu, kama anayeendeleza mazungumzo na kondakta. "Mama yake ataanza kumtafuta kwenye basi. Na nilimwomba mwenyewe nimpakate, ningemwachaje?"

Mama alikaa chini kwenye sakafu ya basi, akaweka kichwa magotini kwa yule mama, pembeni ya Hamisi, akalia hadi Mangi akatoka nje. Shangazi naye alilia. Dereva aliyeweza kunijibu basi linalala wapi alikuwa amesimama mbele yangu kabisa, na wala sikukumbuka kumuuliza.

Nilichouliza ni kingine. Miguuni kwa yule mama niliona bakuli limefungwa kwa kitambaa cheupe. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikauliza hicho ni chakula cha nani. Shangazi akanifinya, lakini swali lilishatoka.

"Uji," akasema. "Nina mwanangu kalazwa hospitali, kingine hali. Nilikuwa nashuka Fire."

Fire. Kituo chetu sisi. Mama akainua kichwa.

"Niliita pale, mwenye mtoto, mwenye mtoto, watu wanashuka tu," akaendelea. "Nikasema, nikishuka naye, kumbe mama yake yumo humu ndani kabanwa huko nyuma, nitakuwa nimemfanya nini mwenzangu? Nikabaki." Halafu akagusa bakuli kwa kiganja, akautoa mkono haraka. Sikujua wakati ule alikuwa anapima nini. Sasa nina wajukuu, najua.

Mangi akamweka mbele, sisi nyuma, tukaenda moja kwa moja hadi hospitali. Geti lilikuwa limefungwa. Mlinzi akasema muda wa kuingiza chakula umepita, aje asubuhi. Yule mama hakubishana, alisimama tu na bakuli lake. Hapo mama yangu, mtu mpole ambaye hata sokoni hakuwahi kuomba apunguziwe, aliruka kutoka kwenye pikapu, akamnyanyua Hamisi mbele ya uso wa mlinzi.

"Huyu hapa aliyemchelewesha! Mtazame! Kama kuna wa kufungiwa nje nifungie mimi na huyu, yule mama mwache apite!"

Hamisi akaamka, akaangua kilio kilichosikika wodini nadhani. Mlinzi akafungua geti, si kwa huruma labda, bali anyamazishiwe. Yule mama akageuka, akamshika Hamisi mguu, akaingia haraka haraka huku ameziba bakuli kwa upindo wa kanga.

Hatukumuuliza jina. Hilo ndilo limenikaa. Njiani kurudi nilimuuliza mama, "Mtoto wake atakula uji uliopoa?" Jumatatu mama alipika uji akaupeleka hospitali, akazunguka wodi hadi wodi akiuliza mama wa kanga, na mnajua wenyewe, pale akina mama wote walikuwa wa kanga. Akaugawa kwa wagonjwa wengine akarudi na chupa tupu. Miaka mingi baadaye, tukiwa ndani ya basi, nilimwona anatafuta kwa macho, kiti kwa kiti. Nami nikarithi. Bado najiuliza yule mtoto alikuwa na umri gani, alikuwa anaumwa nini, na kama alipona.

Hamisi mwenyewe anauza vitenge kwa jumla hapo Kariakoo, kipara kinang'aa, na akipata wageni hujisifu kwamba yeye alikwenda mjini peke yake kabla hajaota meno. Kila mwisho wa wiki namtembelea, jioni narudi kwangu Kimara kwa mwendokasi. Ni basi zuri, sikatai. Nalo lina mikunjo katikati na sahani inazunguka, nami sikawii kuweka mguu mmoja nikijifanya nimekosa pa kukanyaga. Wenzangu humo wamejiziba masikio, kila mmoja na simu yake, hata harufu ya Jangwani hawaisikii maana vioo vimefungwa.

Juzi usiku pale Fire akapanda binti na mtoto mchanga begani, mkoba mkononi, mwavuli kwapani. Nilikuwa nimepata kiti, ila kumpisha nisingeweza, goti langu siku hizi halinisimamishi. Nikanyoosha mikono.

"Lete nimpakate, mwanangu."

Akanitazama. Hakuwa na dharau hata kidogo, alikuwa na hofu, na hofu ile naijua inatoka wapi, habari tunazisikia sote. Akatabasamu, akambana mtoto zaidi.

"Asante mama, nashuka hapo mbele tu."

Nikarudisha mikono. Niliumia, sitaficha, ingawa simlaumu, na mkwe wangu nisingemshauri afanye vingine. Magomeni ikapita, Manzese ikapita, Ubungo ikapita. Mtoto alilala, mama yake akambadilisha bega, akambadilisha tena, mwavuli ukamdondoka nikamwokotea. Tulishuka wote wawili Kimara mwisho.