Dawa C

Kwa miaka kadhaa ripoti zangu hazikuwa na majina. Kazi yangu ni kupima dawa za unga ambazo wakulima huchanganya na mahindi ghalani yasibunguliwe, na nikimaliza naandika Dawa A, Dawa B, Dawa C. Dawa C haikumfanya lolote dumuzi, yule mdudu anayetoboa punje hadi zikabaki unga. Ofisini sote tuliijua hadi rangi ya pakiti. Lakini mwenzetu mmoja aliwahi kuitaja redioni dawa nyingine kwamba haifanyi kazi, akafunguliwa kesi ya jinai ya kashfa, akawa mtu wa kuripoti polisi wiki hadi wiki. Tangu hapo tukaandika herufi. Ulikuwa uoga, sina neno jingine.

Kisha nikaenda Mvumi kumsalimia mama, nikaikuta pakiti ya Dawa C juu ya magunia yake. Chakula chake chote cha mwaka kilikuwa humo.

"Mama, badilisha hii dawa."

"Ina nini?"

"Wewe badilisha tu."

Akanitazama. "Na jirani nimwambieje? Tulinunua pamoja."

Nikamwomba asimwambie mtu mpaka nimruhusu. Nilirudi kwangu Miyuji nimejichukia. Mama yangu ataokoa mahindi yake, na jirani je?

Sheria ya habari iliporekebishwa na kashfa kuondolewa kwenye jinai, mwanasheria wetu alipita mezani kwangu. "Andika jina," alisema. "Mwenye dawa akiona ameonewa afungue madai, na wewe uende na takwimu zako."

Jina nililitaja Kibaigwa, kwenye mkutano wa wakulima na wafanyabiashara wa mahindi. Wakala wa dawa ile akasimama. Nikajua sasa naambiwa tukutane mahakamani.

"Samahani, dada," akasema, "mlipima kwa dumuzi peke yake, au na fukusi pia?"

Nilitaka kumkumbatia. Lilikuwa swali, tena swali zuri, na jibu lake lilikuwa baya kwangu: tulipima kwa dumuzi tu; fukusi, mdudu mwingine wa ghalani, hatukumgusa. Tulibishana hadi watu wakaanza kuondoka, tukakubaliana tupime upya, yeye akiwepo, kwa pakiti atakazoleta mwenyewe. Fukusi walikufa wote. Dumuzi waliendelea kula kama kawaida. Yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka maneno kiwandani, na pakiti mpya zikaja zimeandikwa kwamba dawa haiui dumuzi. Miaka yote ile ya herufi, hilo lingeweza kumalizika kwa mkutano mmoja.

Jioni ya siku pakiti hizo zilipofika nilimpigia mama, moyo mweupe. "Sasa unaweza kumwambia jirani."

"Nilimwambia siku ileile," akasema. "Ulikuwa hujafika hata barabarani."

"Mama, nilikukataza."

"Ulinikataza, ndiyo. Ila mahindi yake yangeliwa."