Nilidhani nimepoteza kazi za darasa zima



Leo asubuhi, dakika kumi kabla ya mtihani wa vitendo, kompyuta kubwa ya Linux ya maabara yetu ilikataa kutuunganisha. Humo ndimo zilimo kompyuta pepe za darasa zima, yaani kompyuta za programu tu zinazoishi ndani ya hiyo moja, kazi ya muhula wote.

Na mtu wa mwisho kuigusa jana nilikuwa mimi.

"Ni we ulibakia na ufunguo ya labo, ya maabara," akaninong'oneza Divine, rafiki yangu wa Cyanzarwe. "Donc ufanye kitu. Kazi yangu yote iko mule."

Ningeweza kunyamaza.

Nikamwambia mwalimu ukweli. Jana, baada ya usafi, nilizima huduma ya libvirtd, ile inayoendesha kompyuta pepe, nikidhani haitumiki, kama tunavyozima taa. Tena nikaizuia isijiwashe yenyewe.

Hakunigombeza. Alinisogezea kibodi tu. "Iwashe wewe."

Niliandika amri mara mbili, maana mara ya kwanza nilikosea herufi.

Kompyuta pepe zote zikajitokeza. Hakuna iliyopotea.

Baada ya mtihani nikampelekea mwalimu ufunguo wa maabara. Hakuupokea.

"Kesho ufungue mapema," akasema.

Ninyi mngesema, au mngenyamaza?