Nilipowafukizia Nyuki Unsi

Mwanangu, siku ile naikumbuka kila harufu ya unsi ikinipitia puani, nami hucheka peke yangu mpaka wajukuu huniuliza, ayeyo, bibi yetu, una nini? Zamani hizo sikucheka. Nilikuwa mwanamke mbichi na watoto wawili, huku huku Ijara, na ukame ulikuwa umetumalizia mbuzi wote. Mume wangu alikuwa ameingia Garissa kutafuta kibarua. Mimi nilibaki na boma tupu na hofu moja tu: kwamba wanangu watakua kwa unga wa kuomba kwa majirani.

Adeer Bile, mdogo wake marehemu baba, akanionea huruma. Mzee huyo alijifunza ufugaji wa nyuki kwa Waboni wa msituni, na watu wetu walimcheka sana, eti Msomali gani huyu anaacha ngamia anachunga wadudu. Yeye hakujali. Alikuwa na mizinga ya magogo kwenye migunga, na akaniahidi mitatu ya ukingoni mwa laga, ule mto wa msimu. Sharti lake lilikuwa dogo: nifungue mmoja mbele yake, nitoe asali, na nyuki wabaki wasihame. Wakibaki, mizinga yote mitatu ni yangu. Akasema nimngoje Ijumaa ipite.

Sikungoja. Kiherehere ni ugonjwa, mwanangu, na mimi nilikuwa nacho cha kutosha kijiji kizima. Nilijiambia, moshi ni moshi, na mwanamke wa kwetu atafundishwa nini kuhusu moshi? Tangu utotoni nafukiza vibuyu vya maziwa, nafukiza nguo, nafukiza nyumba mgeni akiingia. Basi nikachukua chetezo changu cha udongo, nikakijaza makaa mekundu, nikanyunyiza unsi, ule ubani wetu unaopikwa kwa sukari na manukato. Tena nilichagua ule wa harusi! Nikauendea mzinga wa kwanza saa sita za mchana, jua limeshika utosi.

Nikakisogeza chetezo mlangoni kabisa, nikapuliza kwa nguvu. Cheche zikaruka, zikawaunguza mabawa nyuki wa mlangoni, na wenzao wakatoka wote. Watu husema fuata nyuki ule asali. Hawakwambii kuwa nyuki naye anajua kufuata. Walinifuata mpaka nyumbani. Uso ulivimba nikawa sina macho, na wanangu mwenyewe wakanikimbia wakilia, hawanijui. Siku ya tatu mzinga ulikuwa mtupu. Nyuki walikuwa wamehama.

Nililia, wala si kwa maumivu. Nililia kwa sababu nilijua nimeipiga teke riziki ya wanangu, na hakuna wa kumlaumu ila mimi.

Adeer Bile alipokuja nilitazamia matusi. Hakunitukana. Alikiokota chetezo changu, akakinusa, nami nikatamani heri anipige.

"Adeer," akaniita, maana kwetu mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile analoitwa, "unsi humfukizia mgeni wako. Pale kwenye mzinga, mwenyeji ni nani?"

Akanirudishia chetezo changu.

"Mgeni ni wewe. Na mgeni haingii kwa watu na makaa ya moto mkononi."

Kisha akanifundisha. Nyuki akisikia moshi hudhani msitu unaungua, hukimbilia kujaza tumbo asali apate kuondoka nayo, na mwenye tumbo zito hana mbio za ugomvi. Tena nyuki mmoja akichoma huacha harufu ya kuwaita wenzake. Moshi mzuri huifunika harufu hiyo wasiisikie. Lakini uwe moshi baridi, na uwe kidogo.

Wiki iliyofuata, jua likianza kuteremka, alinipeleka kwenye mzinga wa pili. Aliwasha samadi kavu ya ng'ombe ndani ya kopo lililotobolewa, akazima mwali wote, akanipulizia shavuni kwanza. Ukikuchoma wewe, alisema, utamchoma na yeye. Nikapuliza mara tatu mlangoni, polepole, tukangoja kwa kusoma sura ya Ikhlasi mara tatu. Mvumo wa mle ndani ukashuka. Nikafungua, nikatoa masega ya pembeni tu, yale ya watoto wao nikayaacha, na asali yao ya kula nikawaachia.

Siku tatu nzima sikupata usingizi wa maana. Ya nne nikaenda peke yangu, nikaweka sikio kwenye gogo. Walikuwemo, wanavuma kazini. Nikaketi mchangani nikalia tena, safari hii kwa shukrani.

Nilipomwambia adeer kwamba imebaki miwili, maana mmoja nimeuharibu, alinikata kauli. Mitatu ni mitatu, alisema. Mvua ikinyesha na ule mtupu utapata wenyewe. Ikanyesha, nyuki wengine wakaingia.

Basi, mwanangu, unayefungua mzinga wako wa kwanza kesho, nisikilize. Siku hizi kikundi chenu cha wafuga nyuki kina kibati cha moshi chenye mfuko wa kupuliza, jambo zuri sana, lakini kibati hakina adabu, adabu unaileta wewe. Jaribu moshi shavuni mwako. Puliza kidogo, ngoja. Usichukue vyote. Na ukienda kwa mtu mwenye hasira, awe mume, mkwe au jirani, usimwendee na makaa, wala usimwendee na manukato ya kujipendekeza. Nenda ukijua wewe ni mgeni katika moyo wake, ubishe hodi, umpe nafasi ya kutulia. Na ukikosea, rudi ujaribu tena, maana mimi nisingerudi kwenye ule mzinga wa pili, watoto wangu wangekula nini?

Mungu akutulize mkono, akufungulie riziki isiyo na majuto, na kila utakapofunga mzinga, wenyewe wabaki ndani. Amin.