Kulastara Asiye na Koo Jeupe

Mwaka ule masika yalipiga Tanga mpaka barabara ya kusini ikawa haipitiki kwa gari, na katikati ya mvua hizo dada yangu alizaa mtoto wa kike ambaye hakufika arobaini. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimetoka kwetu Muheza kwenda kwake Mabawa, pale pale Tanga mjini, kumsaidia uzazi. Nikabaki kumsaidia msiba. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla sijaolewa.

Dada hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Baada ya matanga kuondolewa alirudi jikoni, akapika, akafua, akajibu alipoulizwa. Lakini hakuanzisha neno lake mwenyewe. Mumewe alikuwa karani bandarini, mtu mpole, na ukimya ule ulimshinda. Alikaa mezani akikoroga chai iliyokwisha korogwa. Siku moja aliniita uani.

"Shemeji, nendeni Tongoni kwa mama. Dada yako akapunge upepo. Mimi nitakuja kila nikipata nafasi."

Tukaenda kwa mashua. Mama mkwe wa dada alikuwa mjane, aliishi peke yake karibu na ufuo, hatua chache tu kutoka kwenye magofu ya msikiti wa kale. Tulipobisha hodi na kumwamkia shikamoo, aliitikia, "Marahaba wanangu," akampokea dada mzigo, akamtandikia mkeka. Hakumuuliza lolote juu ya mtoto. Nilidhani ni ugumu wa moyo. Baadaye nikajua kwamba naye alizika wawili.

Asubuhi maji yakipwa, mama alishuka na wenzake kutanda uduvi kwa kanga kuukuu, wawili wawili, kila mmoja kashika ncha zake. Dada alikatazwa kuingia majini, mwili wake ulikuwa bado mchanga. Kwa hiyo alikaa juu ya gogo la mnazi ukingoni mwa mikoko, nami kando yake nikimenya muhogo. Mbele yetu palikuwa na tope, na katika tope lile vidimbwi vilivyoachwa na mvua na bahari. Ndege walijaa hapo: yangeyange weupe, na kulastara weusi-kijivu wa umbo lile lile, shingo ile ile, wakinyatia vidagaa.

Nilimenya muhogo siku kadhaa bila kuwatazama. Kisha asubuhi moja dada akasema, bila kuulizwa na mtu:

"Yule si mwenzao."

Kisu kilinisimama mkononi. "Nani, dada?"

"Yule mweusi, wa mwisho kule. Mtazame vizuri."

Nilitazama. Niliona kulastara mweusi kati ya kulastara weusi. Nikasema labda ni mdogo kidogo. Akatikisa kichwa.

"Si udogo. Wengine wote wana weupe hapa," akajigusa chini ya kidevu. "Yule hana. Ni mweusi mpaka kooni."

Mama alipopanda kutoka majini, dada alimwuliza. Mama akajikamua kanga, akacheka.

"Mwanangu, hao weupe na weusi unaowaona ni nyumba moja. Nimewaona kwenye mikoko, mama mweupe na baba mweusi, kiota kimoja. Huyo wako atakuwa kapakaa tope."

Jibu lile lingemtosha mtu mwingine. Dada halikumtosha. Kesho yake aliamka kabla yangu, na nilipofika kwenye gogo nilimkuta ameshakaa, ameinama mbele kama anayesikiliza. Ikawa ndiyo kazi yetu. Nilijaribu kumsaidia, nikamwambia tuangalie miguu, maana yule ndege alikuwa na miguu myeusi na vidole vya manjano kama aliyekanyaga bizari. Dada akanionyesha kwamba na wale wengine wana vidole vya manjano vile vile. Basi miguu haikutusaidia. Tukatazama uso. Wenye koo jeupe walikuwa na umanjano kidogo kati ya jicho na mdomo. Yule wetu pale napo palikuwa peusi. Tena manyoya ya kisogoni yalimsimama ovyo, kama mtu aliyeamka hajachana nywele. Lakini alikuwa mbali, na jua likipanda tope linang'aa, kila kitu kinakuwa cheusi. Siku nyingine hakuja kabisa.

Asubuhi moja tulimwona mweusi mmoja akikimbia kidimbwini amekunjua mbawa nusu. Dada alinishika mkono. "Unaona! Wengine hawafanyi hivyo." Ndege akageuka upande wetu, na kooni palikuwa peupe pepe. Alikuwa wa kawaida tu, anafukuza samaki. Dada aliniachia mkono. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema kitu, na mimi nilijilaumu kimoyomoyo kwa kufurahi mapema, nikaogopa kwamba amerudi kule alikokuwa.

Jumapili iliyofuata shemeji alikuja kwa baiskeli, suruali imerowa matope mpaka magotini. Alileta mkate na sukari. Akamkuta mkewe kwenye gogo.

"Mama anasema unatafuta ndege," alisema.

"Sitafuti. Namjua alipo. Sijajua ni nani."

Shemeji aliniangalia, nami nikaangalia muhogo wangu. Nadhani yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyopewa tangu msiba. Akakaa chini, kwenye tope lenyewe, na suruali yake ya kazini.

"Nionyeshe."

Ndege alikuwapo siku ile, na alikuwa karibu kuliko siku zote, kwenye kidimbwi cha chini ya mikoko, mahali penye kivuli ambapo mng'ao haukutusumbua. Dada alimweleza mumewe kwa sauti ya chini: koo, uso, kisogo. Yangeyange wawili na kulastara mmoja mwenye koo jeupe walisimama kando, kwa hiyo ungeweza kuwalinganisha kama vitambaa dukani. Shemeji akasema kwa uangalifu, "Kweli, hana weupe. Lakini mama anaweza kuwa..."

Hakumaliza. Yule ndege alipiga hatua mbili tatu za haraka, akainamisha kichwa, akazizungusha mbawa zake mbele mpaka ncha zikagusa maji. Kichwa kikapotea. Shingo ikapotea. Pakabaki kuba jeusi juu ya maji, limetulia, kama mwamvuli uliosahauliwa. Kisha akajifunua, akameza kitu, akasogea kidogo, akafanya tena.

"Kajitanda!" dada alisema, na akacheka. "Mama! Njoo uone, kajitanda gubigubi!"

Mama alikuja na kanga yake inachuruzika, akasimama nyuma yetu. Ndege alijitanda tena.

"Miaka yangu yote hapa," mama alisema, "huyu sijapata kumwona. Masika haya yamemleta kutoka bara. Si tope, mwanangu. Ulisema kweli."

Wale wengine waliendelea kukimbia na kudonoa kama kawaida yao, hakuna aliyejifunika. Tulimtazama mpaka maji yakaanza kujaa na vidimbwi vikaungana, akaruka kuelekea upande wa mtoni. Alipokunjua mbawa tulizitafuta alama nyeupe ambazo wenzake wengi walikuwa nazo. Hakuwa na hata moja.

Mama na mimi tulitangulia kwenda kuinjika chungu. Nilipogeuka niliwaona bado wamekaa, na dada alikuwa anaongea. Sikusikia maneno, ila niliona mkono wake ukipima urefu hewani, urefu wa mtoto mchanga, na shemeji akiitikia kwa kichwa. Mama naye aliona. Akanivuta kanga.

"Twende, mwanangu. Moto hauwaki wenyewe."

Tulirudi Mabawa mvua zilipokatika. Dada alizaa tena, wavulana wawili, na wote wapo. Jina la ndege yule sikulipata kwa miaka mingi, wala kulipata hakukuniongezea kitu. Dada amezeeka sasa, na kila ninapowasimulia wajukuu habari hii hunikatiza. Anasema kisogo naeleza vibaya, hakikusimama ovyo kiasi hicho, na kwamba mimi nilikuwa natazama muhogo.