Dishi Mbele ya Geti Lake

Nilikuwa mkalimani wa simu. Daktari wa hospitali ya ng'ambo akipata mgonjwa anayejua Kiswahili pekee, alipiga, na mimi, nikiwa ghorofa ya tatu kule Ruiru na hedifoni masikioni, nikawa mdomo wa wote wawili. Kazi hiyo haina mengi. Inataka masikio, ulimi, na intaneti isiyokatika.

Mwenye ploti, jengo nililopanga, alikuwa mzee mstaafu, mtu wa kofia na koti hata jua likiwaka. Mwaka huo alileta kampuni moja ya intaneti, akafunga kisanduku chao chini ya ngazi, akatangaza kuwa kila nyumba itatumia hiyo. Mvua ikinyesha kidogo ilikufa. Jioni watu wakitazama mpira ilikuwa inatambaa. Mimi nilikuwa na waya yangu ya kampuni nyingine, niliyovuta kabla hajaanza mambo hayo. Aliniambia mara mbili niitoe. Nikamweleza mara mbili kuwa ndiyo kazi yangu.

Siku hiyo ilikuwa saa kumi alasiri, kwao huko ni asubuhi. Upande mmoja alikuwa daktari. Upande mwingine alikuwa mama mkimbizi kutoka Kongo, na mtoto wake wa miaka mitano alikuwa anapelekwa kupasuliwa saa hiyo hiyo. Daktari akaeleza, nikatafsiri. Yule mama akauliza, "Ataamka?"

Nilifungua mdomo nimpe daktari lile swali, na laini ikafa.

Nilijaribu bando za simu, lakini nyumba yetu ilikuwa imebanwa na ghorofa zingine pande tatu, mtandao ukawa unaingia na kutoka. Nilipofaulu kurudi, walikuwa wameshaondoka. Kama walipata mkalimani mwingine au walibaki wakitazamana, sikuambiwa, na sheria za kazi hazikuniruhusu kuuliza. Sijui kama yule mtoto aliamka. Mpaka leo sijui.

Niliteremka ngazi mbio. Keateka, mtunzaji wa ploti, alikuwa juu ya nguzo na plaisi ya kukatia waya mkononi, waya yangu ikining'inia.

"Pole, siz," akasema bila kunitazama. "Mzee amesema leo lazima itoke."

Mzee mwenyewe alikuwa chini, anapangusa pikapu yake na kitambaa.

"Kuna mtoto alikuwa anaingia tieta kupasuliwa," nikamwambia. Nilikuwa nahema. "Mama yake alikuwa kwa simu na mimi."

"Madam, usinichezee. Mtoto gani? Wewe hata huna mtoto." Akacheka. "Ploti ni yangu. Hata hewa inayopita kwa hizo nguzo ni yangu."

Wiki iliyofuata nilifutwa kazi. Kukatika katikati ya simu ya upasuaji hakusameheki, na mimi ningekuwa wao ningejifuta vilevile. Lakini kile kicheko sikukiacha. Nilikifungasha pamoja na vyombo vyangu, nikahama nacho hadi kwa mama yangu, Kiganjo.

Watu wakisikia nilinunua gari la kuishi ndani yake, hudhani nilikuwa natafuta uhuru. Nilikuwa namtafuta yule mzee. Nilichukua akiba yangu yote nikanunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mkate. Fundi mmoja wa Thika akang'oa rafu, akaweka kitanda, meza ya kukunja, betri na paneli ya sola. Juu ya paa tukafunga dishi la setilaiti, bapa kama sinia. Fundi aliniuliza kama nataka lionekane au lifichwe.

"Lionekane," nikasema. "Hasa kutoka juu ya ghorofa."

Dishi lile halikuhitaji nguzo wala ruhusa ya mwenye ploti. Lilihitaji anga tu. Na hata hilo nilijifunza kwa taabu. Pale kwa mama kulikuwa na miti mirefu ya mukima kando ya ua, na kila baada ya dakika chache tawi liliziba njia, sauti ikakatika. Nikahamia Ngoliba, nikaegesha kwenye shamba la mbaazi la shosho mmoja, mama mzee mjane, rafiki wa mama kanisani. Huko anga ni tupu kutoka upeo hadi upeo. Mbuzi walilala chini ya gari, vumbi likaingia hadi kwenye chai, na mchana mmoja dishi lilipata joto likajizima lenyewe, basi nikapanga kazi zangu asubuhi na jioni. Wakala mwingine wa ukalimani alinijaribu kwa wiki mbili. Laini haikukatika hata mara moja. Akaniajiri.

Hapo ningeweza kutulia. Shosho alikuwa ananiletea githeri ya mahindi na maharagwe, nami nilikuwa namsaidia kuzungumza kwa video na mwanawe aliye Qatar. Lakini nikiosha sufuria nilijikuta namjibu yule mzee kwa sauti. Nilikuwa na majibu mazuri kweli, na hakuna aliyekuwa anayasikia isipokuwa mbuzi.

Nikarudi Ruiru.

Mkabala na geti lake kulikuwa na kiwanja kitupu cha mama mmoja aliyeuza mboga hapo mbele. Yeye na mzee walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya maji machafu yaliyotoka kwenye ploti na kupita katikati ya sukuma wiki zake. Nilimweleza ninachotaka. Hakuniuliza mara mbili.

"Egesha hapo, karibu na barabara," akasema. "Asipite bila kukuona."

Niliegesha, nikawasha, na waifai yangu nikaipa jina: Waya Iliyokatwa. Jina hilo likatokea kwenye kila simu ya ploti ile, ya mzee ikiwamo. Kisha nikawaita wapangaji niliowajua: mwalimu wa chini, dada wa saluni, vijana wawili waliokuwa wanasoma kozi mtandaoni. Niliwapa neno la siri na kuwaambia wampe jirani yeyote, isipokuwa mmoja. Keateka alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Mimi pia, siz?"

"Wewe pia. Ulitumwa."

Mwezi ulipoisha, nyumba nyingi zilikuwa zimekataa intaneti ya mzee. Ile kampuni ikaona haina haja tena, ikaja mchana kweupe ikafungua kisanduku chake chini ya ngazi na kuondoka nacho. Nilikuwa nimeketi mlangoni pa gari, nakula ndizi. Mzee alisimama getini akitazama pikipiki yao ikipotea, halafu akanitazama mimi. Nilimpungia mkono. Sitaki kudanganya: ndizi ile ilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kula.

Halafu ikaja Alhamisi moja, saa tisa kasoro dakika tano mchana. Mzee alivuka barabara akiwa na suti nyeusi, kompyuta kibao kifuani. Mama mboga akaacha kukatakata sukuma.

"Habari yako, madam."

"Nzuri, mzee."

"Ndugu yangu mdogo alifariki kule ng'ambo. Anazikwa leo. Saa tisa wanamteremsha kaburini, wataonyesha kwa mtandao." Akaiinua ile kompyuta. "Simu yangu inakwamakwama. Nimejaribu tangu asubuhi."

Ningeweza kumpa hapo hapo. Neno la siri lilikuwa na herufi nane.

"Kwanza niambie ulifanya nini," nikasema.

"Nilifanya nini lini?"

"Unajua lini."

Dada wa saluni alikuwa ametoka nje. Mwalimu naye alikuwa dirishani. Mzee akageuka akawaona, akarudisha macho kwangu. "Niliondoa waya yako."

"Nikiwa nafanya nini?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Madam, tafadhali. Wanaanza."

"Kazi gani, mzee?"

Aliibana kompyuta kifuani. "Ulisema kuna mtoto. Anapasuliwa."

"Na wewe ukafanya nini?"

Jua lilikuwa linampiga usoni, na jasho likashuka hadi kwenye kola. "Nilicheka," akasema.

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo kwa miezi. Lakini hata baada ya kuyapata sikumpa. Nilimwambia angoje, nikaingia ndani, nikajifanya natafuta mahali nilipoandika neno la siri. Nililijua kama jina langu. Niliketi kitandani nikitazama saa ya ukutani. Nilimwacha kwenye jua dakika kumi na nane. Nikatoka nikamwandikia.

Picha ilikuja safi, bila kukwama. Jeneza lilikuwa limeshateremka. Watu wenye makoti marefu walikuwa wanapeana mikono na kutembea kuelekea kwenye magari. Mzee aliisogeza kompyuta karibu na macho, kana kwamba angeweza kuwaita warudi. Akasimama hivyo mpaka matangazo yakazimwa. Kisha akasema, "Asante," akavuka barabara.

Mama mboga alikuwa ameweka kisu chini.

"Hiyo sasa umezidisha," akasema.

"Alinifanyia nini mimi?"

"Najua. Nilikupa kiwanja, si ndiyo? Lakini hiyo umezidisha." Akachukua kisu chake, na siku hiyo hakuniongelesha tena.

Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa getini, limeandikwa kwa mkono wa mzee: kila mpangaji yuko huru kuvuta intaneti anayoitaka. Vijana walilipiga picha wakanitumia na vicheko vingi. Nilikaa siku chache zaidi hadi waya zao mpya zikavutwa, kisha nikafungua paneli, nikafunga meza, nikaondoka.

Watu husubiri niseme nilijuta. Mama yangu husubiri zaidi ya wote. Nilimsimulia tukiwa jikoni kwake, akaacha kuchambua maharagwe, akaniuliza kama nilimwomba mzee msamaha.

"La," nikasema.

"Utamwomba?"

Nilimwambia sijui, na huo ndio ukweli. Yule mzee alistahili kusema yale maneno mbele ya watu, na nikirudishwa pale nitamfanya ayaseme tena. Zile dakika kumi na nane ndizo sina neno la kuzitetea. Nilizitaka, nikazichukua, na wakati nazichukua nilikuwa na furaha.

Mama aliinamia maharagwe yake tena. Saa kumi ilikuwa imekaribia, nikatoka nje hadi kwenye gari, mbali na ile miti, kuwasha laini.