Bomba Lililonyamaza

Bomba la kijiji chetu lilikuwa na kelele. Ukishusha mpini, lililia kama mbuzi aliyefungwa vibaya, na sauti ilifika hadi kwenye mashamba ya mihogo. Kijiji kilikuwa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji. Kila asubuhi mama alilisikiliza akiwa bado kitandani.

"Mbuzi kaanza," alisema. "Amka wewe, tutakuta foleni."

Wakati huo vita vilikuwa habari za vijiji vya mbali. Viliposogea, wazee walianza kuliogopa bomba. Wapiganaji walikuwa porini, na sauti ile ingewaonyesha njia ya kwetu. Watu walilipaka mafuta ya nazi. Likanyamaza siku moja, kisha likalia tena.

Mie nilikuwa namaliza shule ya msingi. Sikuwa msemaji, lakini nilipenda vyuma. Niliona bolti ya mpini inasagana na tundu lake. Nikakata kipande cha dumu la plastiki, nikakilainisha kwa maji ya moto, nikaizungushia bolti, kisha nikaikaza kwa spana ya Mjomba Abasi, fundi baiskeli. Mama akashika mpini. Maji yakatoka, sauti hakuna.

"Haa! Mwanangu kamziba mbuzi mdomo!"

Wanawake wakacheka. Wazee wakanipa mkono. Niliona haya, lakini yalikuwa haya matamu.

Siku chache baadaye, alfajiri, mama alichukua ndoo akatoka. Mie nilibaki nimelala. Nikasikiliza upande wa bomba, nisisikie kitu, nikatabasamu.

Ndoo ikaanguka.

Mama aliita jina langu, mara moja.

Halafu bunduki.

Mjomba alinivuta mkono, tukatokea nyuma ya nyumba. Sikugeuka.

Tulijificha kwenye mihogo, kisha tukatembea hadi tukavuka mto. Njiani tulimkuta jirani yetu mmoja, mwanamke, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na bomba. Alimwambia mjomba, "Walikuwa pale muda mrefu. Wanapokezana mpini, wanajaza madumu yao. Nimewaona nilipofungua mlango. Kusikia, sikusikia kitu."

Hakuwa ananilaumu. Mjomba aliniangalia, kisha akatazama chini.

Mama hatukumzika. Sijui nani alimzika.

Sasa naishi Mbagala, nafanya kazi kwenye karakana ya mageti. Mjomba huniambia, "Wangekuja tu. Si wewe uliyewaita." Ni kweli, sikuwaita. Lakini bomba lingelia, na mama angeshangaa nani anachota maji kabla ya adhana. Huenda angekaa kwanza, asikilize. Huenda. Mtu akinisifu kazini natazama chini, naye hudhani ni adabu.

Mwenye nyumba wetu, Bibi Zuhura, anauza vitumbua. Geti lake linalia.

"We si fundi mageti, we? Langu linalia kama limefiwa, nawe umelala tu!"

"Shikamoo, bibi. Nitaliangalia."

"Marahaba. Tangu Ramadhani unaliangalia! Unaliposa?"

Wapangaji hucheka, nami nacheka nao kidogo. Plastiki nimeshaikata, iko chini ya godoro. Sijaweza kuiweka.

Alfajiri Bibi akitoka na beseni lake, geti hulia. Nakaa macho. Akirudi, hulia tena.

Hapo ndipo napata usingizi.